Mtaalamu kutoka Kilimanjaro

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimezaliwa Ngamiani, nimekulia Ngamiani, na kitu kirefu kuliko vyote nilichowahi kupanda kabla ya kuja Ulaya ni mnazi wa jirani, ambao nao niliuteremka kwa kasi kuliko nilivyokusudia. Haya nimeyasema kwa Kiingereza, nimeyarudia taratibu, mwisho nimeyasema kwa mikono. Kikundi cha matembezi cha Sheffield, mji wa England ninakofanya kazi, hakikunisikia.

Shida ilianzia stesheni. Kiongozi wa kikundi alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye nitamwita Bwana Ramani kwa sababu ramani aliivaa shingoni, ndani ya mfuko wa plastiki wenye kamba. Alinipa mkono akaniuliza nimetoka nchi gani. Nikasema Tanzania. Macho yakamng'aa.

"Kilimanjaro!"

Nikamwambia naam, upo, lakini mimi kwetu ni pwani. Kutoka Tanga hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 300 za basi, na hata ukifika Moshi mara nyingi mlima wenyewe umejifunika mawingu, hauuoni. "Mlimani sijapanda hata siku moja," nikamalizia. Akacheka, akanipiga begani, akawageukia wenzake: "Jamani, leo tunaye mtu wa Kilimanjaro!"

Hapa ni lazima niwaeleze jambo kuhusu Waingereza. Mwingereza akikuambia kwamba kinanda anajua kidogo tu, jiandae kupiga makofi. Akisema bustani yake ni ovyo, nenda na kamera. Kwao kujisifu ni aibu, kwa hiyo anayekana kabisa ndiye bingwa. Basi kila nilivyokana ndivyo cheo changu kilivyozidi kupanda. Treni ilipoondoka Sheffield nilikuwa mpanda milima. Tulipotoka upande wa pili wa handaki la Totley, ambalo lina zaidi ya kilomita 5, nilikuwa tayari mwongoza watalii mstaafu.

Aliyeniingiza kwenye haya yote ni dada mmoja wa Mombasa tunayefanya naye kazi wodi moja. Mimi namwita dada, yeye ananiita kaka, na mwenye amri ni yeye.

"Kaka, Jumamosi nzima wakaa ndani wakumbatia hita. Hebu toka utembee."

"Nitembee niende wapi?"

"Mlimani."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu."

"Sasa tunafuata nini?"

"Ni kutembea tu, kaka. Hata kutembea hujui?"

Kwetu ukimwona mtu anakata kilomita 14 kwa miguu siku ya mapumziko, ama gari limemharibikia, ama kuna mtu anamdai na amemwona anakuja. Huku watu wanalipa nauli ili wakatembee, halafu wanarudi pale pale walipoanzia. Lakini nilikubali, tena kwa dharau, kwa sababu nilishachungulia kwenye intaneti. Mlima wenyewe unaitwa Kinder Scout, ndio mrefu kuliko yote ya Peak District, eneo la milima jirani na Sheffield, na una mita 636. Nilicheka peke yangu chumbani. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari! Mlima mrefu kuliko yote ya England, Scafell Pike, ni mita 978. Yaani mama anayepanga kabichi zake sokoni Lushoto yuko juu kuliko bingwa wao aliyesimama kileleni na bendera. Na mimi Lushoto nimeshakwenda, tena nimevaa kandambili.

Ila Lushoto hawana Januari ya namna ile.

Asubuhi ya safari dada alikuja kusimamia uvaaji wangu. Fulana ya sufu, shati, sweta, sweta jingine, jaketi, suruali mbili, soksi jozi mbili, glavu, kofia ya sufu yenye kishungi juu. Buti nilizipata kwenye duka la mitumba la wasamaria wema. Nilipotaka kufunga kamba za buti nikagundua kwamba siwezi kuinama. Nikajaribu kukaa, nikagundua kwamba siwezi kukaa pia. Dada akapiga magoti kunifunga huku akinung'unika kwamba hata wagonjwa wa wodini wana nafuu. Mwisho kabisa nikachukua kikoi changu cha buluu nikakizungusha shingoni.

"Na hicho cha nini?"

"Cha heshima."

"Heshima kwa nani? Kwa kondoo?"

Tulikuwa watu kumi na wawili, na ukituondoa mimi na dada, wote walikuwa wastaafu. Nikajipa moyo. Nikasema hawa babu na bibi watatembea kidogo, watachoka, tutarudi. Kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 74 aliyebeba chupa tatu za chai mgongoni. Huyo nilimpa jina la Mama Chupa. Alinipita kwenye geti la kwanza akiniuliza habari za Tanzania, na jibu langu sidhani kama lilimfikia, kwa sababu nilipomaliza sentensi alikuwa ameshavuka shamba.

Edale ni kijiji kidogo chini ya bonde: kanisa, nyumba za mawe, na baa ya Old Nags Head ambayo ndiyo mwanzo wa njia ya miguu iitwayo Pennine Way. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1965 na inakwenda kama kilomita 430 mpaka Uskoti. Niliuliza kama hakuna basi. Wakacheka sana, wakasema watu wa milimani wana utani wa kipekee.

Bwana Ramani akatusimamisha hapo, theluji ikimdondokea kofiani, ili atupe historia. Zamani, alisema, milima hii ilikuwa haipandwi. Wenye ardhi waliiweka kwa ajili ya kuwinda ndege, na walinzi walizunguka na fimbo kufukuza watu. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wafanyakazi, wengi kutoka upande wa Manchester na wengine kutoka Sheffield wakipitia hapa hapa Edale, wakaamua kupanda kwa nguvu. Walinzi wakapambana nao. Vijana watano wakafungwa, kuanzia miezi 2 hadi 6. Bila wao, akasema huku sauti ikimtetemeka, leo tusingekuwa hapa.

Nilisikiliza kwa makini. Theluji ilikuwa imenifika juu ya vifundo vya miguu na pua nilikuwa siisikii tena. Nikawaza: watu wamekula jela ili mimi niruhusiwe kuja kuteseka hapa. Ningekuwa hakimu ningewaongezea.

Kisha akatoa hesabu ya muda. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, Naismith, ya mwaka 1892: kila kilomita 5 ni saa moja, na kila mita 600 za kupanda unaongeza saa moja nyingine. Kwa kanuni hiyo tungekuwa mezani baani saa nane mchana. Bwana Naismith alikuwa mtu makini na simlaumu. Hakujua kwamba nami nitakuja.

Njia yetu ya kupandia inaitwa Jacob's Ladder, ngazi ya Yakobo. Yakobo mwenyewe si yule wa Biblia. Inasemekana ni mkulima wa karne ya 18, Jacob Marshall, aliyechimba vidato mlimani ili yeye apande moja kwa moja wakati farasi wake anazunguka kwenye njia ya taratibu. Farasi alikuwa na akili. Siku ile vidato vyote vilikuwa vimefunikwa, huku chini ya theluji kuna barafu, na unaweka mguu kwa kumtegemea Mungu.

"Mtaalamu atangulie," akasema Bwana Ramani. "Atuwekee mwendo."

Nikatangulia. Kabla ya nusu ya ngazi mapafu yaligoma. Nikawa nainua mguu, naweka, nasimama, navuta pumzi, namkumbuka marehemu babu, nainua mwingine. Nyuma yangu nikasikia sauti ya furaha: "Pole pole!"

Alikuwa mama mmoja mwembamba, na huyu, naomba mnisikilize vizuri, alikuwa ameupanda Kilimanjaro kwelikweli. Alifika kileleni Uhuru, mita 5,895, kwa miguu yake mwenyewe, na picha alikuwa nayo. Akaanza kuwaeleza wenzake kwamba waongozaji wote wa kule wanakwenda hivi hivi, pole pole, kwamba mwendo wa haraka ndio unaowaangusha wageni, na kwamba tumtazame mtaalamu anavyopumua. Wote kumi na mmoja wakaanza kutembea mwendo wangu. Nikisimama, wanasimama. Nikiegemea jiwe, wanaegemea. Nilikohoa, na wawili nyuma yangu wakakohoa.

"Wewe ulipita njia gani?" mama huyo aliniuliza. "Machame au Marangu?"

Safari yangu ya mwisho kuelekea upande wa mlima ule iliishia Korogwe, na nilikwenda msibani.

"Ya Korogwe," nikasema.

"Hiyo sijawahi kuisikia."

"Haina watalii."

Dada wa Mombasa alikuwa nyuma kidogo. Nilimwona ameinama, mabega yanamcheza, na nikajua halii.

Juu hakukuwa na juu. Kulikuwa na weupe mbele, weupe nyuma, weupe kichwani, na upepo unaokuja kwa ubavu ukitafuta upenyo kati ya sweta la kwanza na la pili. Tulilifikia lile nguzo la zege la wapima ardhi, pale Kinder Low kwenye mita 633, tukapiga picha ambayo ukiitazama utadhani tulipigwa mbele ya shuka. Kuna ndege wa vichakani huko, wale wale waliowafungisha watu mwaka 1932, na sauti yao Waingereza wenyewe wanakiri kwamba inasema "rudi, rudi, rudi". Aliruka mmoja karibu yangu akalisema hilo mara tatu, wazi kabisa. Katika kundi zima nadhani ni mimi peke yangu niliyemwelewa.

Maana wenzangu hawakuwa watu wa kurudi. Upepo unataka kumng'oa mtu sikio, na Bwana Ramani anasema hewa leo ni safi. Mzee mmoja ndevu zake zimeganda, ukizigusa zinakatika, naye anasema aliwahi kuona siku mbaya zaidi mwaka 1981. Kwetu muda huo tungeshakaa kikao, tungeshamtafuta wa kumlaumu, na nusu ya watu wangekuwa njiani kuteremka. Hapa kila mmoja alitaka kurudi, ilionekana machoni, lakini kila mmoja alimngojea mwenzake aseme. Nami nikiwa mtaalamu walikuwa wananingojea mimi. Na mimi midomo ilikuwa haifunguki.

Tukafuata ukingo wa mlima kuelekea mashariki, penye miamba mikubwa ya maumbo ya ajabu waiitayo Wool Packs. Katika ukungu ule nilimwona mzee mmoja amesimama peke yake, mgongo umepinda, amejikunyata. Nikaona si adabu kumpita mtu mzima kimya. Nikamsalimia. Hakuitika. Nikarudia kwa sauti zaidi nikamuuliza kama amepotea. Dada akanivuta mkono: "Kaka, hilo ni jiwe." Nikamwambia najua, nilikuwa nalipima.

Nyuma ya miamba hiyo tukapata kificho cha kulia chakula. Mama Chupa, aliyefika zamani na alikuwa kwenye kikombe chake cha pili, akaniona nasitasita kuketi juu ya theluji. Akafungua begi akanitolea mfuko mkubwa wa plastiki wa rangi ya chungwa, ile ambayo wapanda milima huibeba ili mtu akiumia watie mwili wake ndani usipoteze joto. "Kalia huu, mwanangu," akasema, "utabaki mkavu." Nikautandika, nikaketi, nikatoa chapati.

Chapati ile niliikanda mwenyewe usiku, laini, ya kusukuma na mafuta, nikaifunga kwenye foili kwa mapenzi. Sasa ilikuwa imekakamaa. Niliigonga kwenye mwamba na kilichobanduka ni kipande cha mwamba. Nikaiweka ukingoni mwa mdomo nikawa naingojea. Mama Chupa akanihurumia akanimegea kitu cheupe, Kendal Mint Cake, ambayo jina lina keki lakini keki yenyewe haimo: ni sukari na mnanaa vimegandishwa pamoja, na wanajivunia kwamba msafara wa Everest wa mwaka 1953 uliibeba. Ladha yake ni dawa ya meno iliyotiwa sukari. Nilikula vipande vitatu.

Halafu akasema chai iko tayari. Kikombe kikanyooshwa kutoka upande wangu wa kulia, kinatoa moshi. Nikanyoosha mkono, na ili nikifikie nikainua kidogo paja la kushoto.

Hapo ndipo ule mfuko ulipoamua.

Mwanzo tuliondoka kwa adabu, mimi na mfuko, mgongo wangu umenyooka, chapati mkononi. Tuliwapita watu wawili waliokuwa wanakula. Mmoja akakunja miguu kunipisha, nikamwambia samahani. Kisha mteremko ukakaza. Bwana Ramani alikuwa amesimama pembezoni akisoma dira yake, nami nikadaka kitu cha kwanza kilichopita mbele ya macho yangu, nacho kilikuwa ncha ya fimbo yake ya kutembelea. Fimbo zile zina mkanda unaofungwa kwenye kifundo cha mkono. Bwana Ramani hakuiachia kwa sababu hakuwa na namna ya kuiachia. Alikaa chini pwaa, akanifuata.

"Yarabi tobaaa!" Hiyo ilikuwa mimi, na nasikia iliendelea muda mrefu, ikififia. Nilikuwa nikiwataja wazazi wangu mmoja mmoja kwa majina kamili. Nyuma yangu nikamsikia Bwana Ramani akisema, kwa sauti ile ile ya kwenye historia, "Nadhani tumeiacha njia."

Ardhi ya kule juu ni mboji, udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, na maji yameichimba mifereji inayoweza kumzidi mtu kimo. Theluji ikiijaza unaona uwanja mweupe mzuri, tambarare. Sisi tuliuingia huo uwanja. Mimi niliingia mpaka kiunoni, na chini ya theluji miguu yangu ikakutana na kitu cha uvuguvugu, kizito, ambacho kilinipokea kwa kunishika. Bwana Ramani alitua pembeni yangu ameketi, kofia imemziba macho, mkono wenye fimbo umenyooka angani. Ile ramani haikuwa shingoni mwake tena.

Kimya. Kisha kutoka ndani ya ukungu juu:

"Kaka! Uko hai?"

"Sijui!"

"Kama waweza kusema hujui, uko hai!"

Nikafungua mdomo kuwaonya wengine wasikaribie ukingo. Nilichelewa. Nikamsikia mama wa Kilimanjaro anawaambia wenzake kwa msisimko kwamba ndivyo wanavyofanya, kwamba hata yeye aliposhuka kutoka kileleni waongozaji waliwateremsha kwa kuserereka kwenye changarawe, kwamba mtaalamu ametuonyesha njia ya mkato. Na hapo, wallahi, wastaafu wakaanza kushuka. Mmoja mmoja, kwenye mifuko, kwenye makoti, kwenye vile vipande vya sponji wanavyokalia. Walitokea kwenye ukungu wakipiga vigelegele vya Kiingereza, ambavyo ni "whee" fupi yenye haya. Mama Chupa alikuja na kikombe mkononi, na ndani yake mlikuwa na chai. Dada alikuwa wa mwisho, amefumba macho, anasoma dua kwa sauti.

Kunitoa kulikuwa kazi. Walinishika mikono, nikarefuka, sikutoka. Ndipo dada akakifungua kikoi shingoni mwangu, akakipitisha chini ya makwapa, wastaafu wanne wakakamata upande mmoja naye upande mwingine.

"Haya, kikoi cha heshima," akasema. "Vuta!"

Nilitoka kwa mlio ambao hausemeki mbele za watu. Mguu wa kulia ulikuja na buti, wa kushoto ukaja na soksi moja. Tulilichimbua buti kwa kifuniko cha chupa ya chai, na lilipoibuka lilikuwa limejaa tope jeusi mpaka juu. Nikalivaa hivyo hivyo. Kila hatua lilisema jambo.

Sasa ramani hatuna, simu za watu zimezimika kwa baridi, na ya dada iliyobaki hai ilikuwa inatafuta mtandao bila kuupata. Bwana Ramani akatuhakikishia kwamba hatujapotea. Edale iko kusini, dira anayo, tunashuka. Tukashuka. Tukatoka kwenye mboji, tukavuka uzio, tukafika penye ukuta wa mawe, na kando ya ukuta, heri iliyoje, kuna njia! Imekanyagwa vizuri, theluji imeshindiliwa, nyayo nyingi mno.

"Watu wengi wamepita hapa," akasema Bwana Ramani. "Mtaalamu, unaonaje?"

Mimi muda huo nilikuwa natetemeka kuanzia kwenye kishungi cha kofia. Kichwa kilikuwa kinakwenda juu chini, juu chini, bila mimi kukituma.

"Amekubali," akasema. "Twendeni."

Tukaifuata ile njia kwa muda mrefu na kwa imani kubwa. Ilipinda tukapinda. Ilipita chini ya mti uliolala, pakubwa kidogo kuliko mbuzi, nasi tukapita kwa magoti, mzee wa ndevu za barafu akisema kwamba wenyeji wa huku nadhani ni wafupi. Jua kule mwezi wa Januari linazama mapema, na weupe ulianza kugeuka kijivu. Kisha njia ikaisha. Iliishia kwenye kona ya ukuta, mahali palipojikinga na upepo, na pale kwenye kona walikuwa wamesimama kondoo, wengi, wamebanana, wote wametugeuzia nyuso.

Tukatazamana. Hakuna aliyesema kitu kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Mwisho Bwana Ramani akawaambia kondoo, "Habari za jioni." Na kwa kuwa pale kweli hapakuwa na upepo, Mama Chupa akasogea ukutani, akafuatiwa na mwingine, mara tukajikuta sote tumejipanga na kondoo, tunangoja. Wao tulikuwa hatujui wanangoja nini.

Walikuwa wanangoja majani yao. Baada ya muda tukasikia mngurumo, taa mbili zikatokea, akaja mkulima juu ya pikipiki ya matairi manne, marobota ya majani nyuma, na mbwa. Mbwa yule alikuwa mfanyakazi hodari. Hakubweka hata mara moja. Alijilaza chini, akatukazia macho, akazunguka taratibu, na Bwana Ramani aliyekuwa amejitenga ili aeleze hali, akamrudisha mstarini.

Mkulima akashuka. Akaanza kuhesabu kwa kidole, midomo ikimcheza, kutoka mwisho wa ukuta. Alipofika kwa mzee wa ndevu kidole kikasimama.

"Hawa wengine," akasema, "si wangu."

Halafu akauliza kiongozi ni nani. Na wale watu kumi na mmoja, pamoja na Bwana Ramani, pamoja na dada yangu wa Mombasa Mungu anamwona, wakanyoosha vidole kwangu. Mama mwembamba akaongeza kwa fahari kwamba mimi ni wa Kilimanjaro.

Mkulima akanimulika kwa tochi. Alianzia kwenye kishungi, akateremka kwenye kikoi kilichokuwa kimeganda mbele yangu kimenyooka, akateremka kwenye suruali nyeusi mpaka kiunoni, akafika kwenye buti lililokuwa likitoa tope lenyewe.

"Kashuka sana," akasema.

Tukamuuliza Edale ni umbali gani. Akafungua geti lililokuwa hapo hapo ukutani, mgongoni kwa Mama Chupa, akatuonyesha. Kijiji kilikuwa chini yake kabisa, madirisha yote yanawaka. Tulikuwa tumesimama juu ya mapaa ya watu.

Baani sitaki kupasimulia sana. Kulikuwa na moto, kulikuwa na supu, na kulikuwa na mpango wa kunichagua niongoze matembezi ya mwezi wa tatu, ambao nilijaribu kuukataa kwa nguvu zote na hivyo ukapita bila kupingwa.

Kilichobaki ni treni. Mabehewa ya huku wakati wa baridi wanayapasha joto, na joto lenyewe linatokea chini kwenye viti. Nami nilikuwa na theluji ambayo nilikuwa sijui kama ninayo: kwenye kofia ya jaketi, kwenye mifuko yote, kati ya suruali ya kwanza na ya pili, shehena kamili ya ule mfereji. Ilianza kuyeyuka tulipopita Grindleford. Maji yakatoka chini ya kiti changu, yakakusanyika, yakapata mteremko, yakasafiri taratibu katikati ya behewa mpaka kwenye viatu vya mtoto wa kama miaka mitano aliyekuwa amekaa na mama yake. Mtoto akayatazama. Akayafuata kwa macho mpaka yalikotoka.

"Mama," akasema, kwa sauti safi iliyojaza behewa zima, "yule bwana amejikojolea."

Mama yake akawa mwekundu. Abiria wote, kwa ustaarabu wao, wakageukia madirishani kutazama mandhari, ingawa tulikuwa ndani ya handaki. Nikamgeukia dada nikamwambia kwa Kiswahili, kwa unyenyekevu, awaeleze tafadhali kwamba hii ni theluji tu.

Dada akanitazama usoni muda mrefu. Akachukua begi lake, akanijibu kwa Kiingereza kwamba samahani sana, lugha hiyo haielewi, akahamia behewa la mbele.